Makabati ya kupimwa kwa nyumba ya Kigamboni: anza na vitu, kisha unyevu, mbao baadaye

Swali: Nina nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni, ninaishi na mume wangu na watoto watatu. Kabati la nguo tulilonunua dukani limevimba chini baada ya masika mawili, na milango yake haifungi tena. Jikoni kuna kaunta ya zege, lakini chini yake ni wazi na vyombo vimerundikana. Nataka fundi atutengenezee makabati ya kufungwa ukutani, chumbani kwetu na jikoni. Fundi mmoja anasema nichukue mninga mtupu, mwingine anasema MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ukuta wa chumbani una upana wa mita 2.9 na dari iko mita 2.7. Nichague nini, nimsimamieje fundi, na hili kabati bovu nilifanyeje?

Jibu: Dada yangu, nakushukuru kwa kuleta swali pamoja na vipimo, kwa sababu wengi huuliza bei ya mbao kabla hawajajua ukuta wao una urefu gani. Nitakujibu kwa mpangilio ambao mimi huufuata ninapoitwa kwenye nyumba, na katika mpangilio huo mbao haitangulii. Kwanza nataka kujua ni vitu gani vitakavyoingia ndani ya kabati, pili unyevu utaingilia wapi, na hayo mawili yakishajulikana, suala la mninga au MDF huwa limekwisha kujijibu kwa sehemu kubwa.

Kabla hujamwita fundi yeyote, toa nguo zote zilizomo katika kabati la zamani, uzitenge zile za kutundikwa na zile za kukunjwa, kisha pima kwa tepu. Nguo ndefu, yaani kanzu za mume wako, baibui, madera na magauni, huhitaji nafasi ya kuning'inia ya sentimita 150 hadi 160 kutoka kwenye bomba. Mashati, blauzi na suruali zilizokunjwa kwenye kitundikio zinatosheka na sentimita 100, kwa hiyo katika sehemu moja ya kabati unaweza kuweka mabomba mawili, moja juu ya jingine, na nafasi ikazaa mara mbili. Doti za kanga, vitenge na mashuka hazihitaji kutundikwa kabisa. Zinahitaji rafu zenye nafasi ya sentimita 30 hadi 35 kutoka rafu moja hadi nyingine, kwa kuwa rundo likizidi hapo huanguka kila unapovuta kanga ya katikati. Hesabu hii ndiyo inayoonyesha mgawanyo wa kabati lako. Fundi asiyeuliza maswali haya atakugawia kabati katika sehemu zinazolingana, nawe utajikuta na nafasi kubwa ya kutundikia ambayo nusu yake ya chini inajaa mabegi na viatu.

Kwa ukuta wako wa mita 2.9, ningependekeza masanduku manne yenye upana wa sentimita 70 kila moja, yakisimama bega kwa bega. Jumla yake ni sentimita 280, na zile 10 zinazobaki zigawanywe tano kila upande, zizibwe kwa ukanda wa ubao utakaochongwa kufuata ukuta. Usimkubalie fundi anayetaka kujaza ukuta wote hadi milimita ya mwisho, kwa sababu hakuna ukuta wa tofali na lipu ulionyooka kiasi hicho. Upana upimwe chini, katikati na juu, na kipimo kidogo kuliko vyote ndicho kifuatwe. Kimo nacho kipimwe hivyo hivyo katika sehemu tatu. Vipimo vya mwisho vichukuliwe baada ya lipu, vigae na dari kukamilika, maana kigae na saruji yake peke yake vinaweza kula sentimita kadhaa za kimo.

Nimechagua sentimita 70 kwa sababu ya rafu. Rafu ya MDF yenye unene wa milimita 18 ikizidi sentimita 80 huanza kupinda kwa mzigo wa mashuka na mablanketi, na kupinda huko hakuongezeki kidogo kidogo: ukiirefusha rafu mara mbili huku mzigo ukiwa uleule, inapinda takriban mara nane zaidi. Ukitoa unene wa mbao mbili za ubavuni, sanduku la 70 linabakiwa na rafu ya sentimita 66 hivi, ambayo haitahitaji nguzo katikati. Milango nayo inakuwa na upana wa sentimita 35 kila mmoja, miepesi kwa bawaba na isiyogonga kitanda inapofunguliwa.

Kina cha kabati kiwe sentimita 60 kwa nje. Kitundikio cha nguo kina upana wa karibu sentimita 45, na nguo zenye mabega hutokeza zaidi ya hapo, hivyo kina cha 50 kitaifanya milango isukumwe na mikono ya mashati. Kuna na sababu ya pesa. Karatasi ya MDF au ya plaiwudi huuzwa kwa ukubwa wa futi nane kwa nne, yaani milimita 2440 kwa 1220. Ukikata katikati kwa urefu, baada ya msumeno kula milimita tatu au nne zake, unapata vipande viwili vyenye upana wa takriban sentimita 60.8. Kina cha 60 kinakupa mbavu mbili kamili kutoka karatasi moja. Ukitaka 62, unapata ubavu mmoja tu na kipande kingine kinabaki cha kutafutiwa kazi. Mwombe fundi akuandikie orodha ya vipande vyote na vipimo vyake kabla ya kwenda dukani, kisha mkae pamoja mchore jinsi kila karatasi itakavyokatwa. Akikuambia kuwa hesabu hiyo iko kichwani mwake, msubiri aiandike.

Kuhusu kimo, dari yako ya mita 2.7 inavutia kutengeneza kabati la kipande kimoja kutoka sakafuni hadi juu, na hapa ndipo watu wanapopata taabu siku ya kufunga. Kabati lenye kimo cha sentimita 265 na kina cha 60 lina ulalo, yaani kipimo cha kutoka kona hadi kona ya pili, wa karibu sentimita 272, kwa hiyo likilazwa chumbani haliwezi kusimamishwa bila kugonga dari. Isitoshe, karatasi yenyewe ina urefu wa 244 tu. Kwa hiyo tengeneza kitako cha sentimita 10, juu yake sanduku kubwa la 205, na juu ya hilo sanduku dogo la 50 kwa ajili ya mabegi ya safari, mapazia ya akiba na vitu vya sikukuu. Sentimita tano zinazobaki juu zizibwe kwa ukanda kama ule wa pembeni.

Sasa nije kwenye unyevu, ambao ndio uliolimaliza kabati lako la kwanza. Katika pwani ya Dar es Salaam unyevu wa hewa huwa juu ya asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na Machi hadi Mei, masika yanapokolea, nguo zilizobanwa ndani ya kabati lisilopitisha hewa huota ukungu hata kama hakuna tone la mvua lililoingia chumbani. Makabati mengi ya bei nafuu dukani hutengenezwa kwa chipubodi, ambayo ni chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na uso wake umefunikwa karatasi nyembamba yenye sura ya mbao. Uso huo huzuia maji kwa muda, lakini kingo za chini zinazokaa sakafuni mara nyingi huachwa wazi, na kila unapopiga deki zinanyonya maji kama andazi ndani ya chai. Chipubodi ikishavimba hairudi hata ikikauka, na skrubu za bawaba zilizokuwa zimeshika chembe hizo huchomoka. Milango yako ililegea kwa sababu mbao iliyozishika bawaba ilikwisha kuoza nguvu, wala si kwa sababu bawaba zenyewe zilichakaa.

Kwa hiyo nakusihi uitumie fedha yako katika sehemu zisizoonekana: kitako, ubao wa chini, ubao wa mgongoni na kingo zote. Kitako kitengenezwe peke yake kama fremu, kwa mbao ngumu au kwa plaiwudi inayostahimili maji, ile inayouzwa kwa jina la marini, na kisigusane na maji ya deki moja kwa moja: kiinuliwe kwa vigingi vya plastiki vinavyorekebishika, au kipigwe rangi ya mafuta pande zote sita kabla ya kuwekwa. Kuinua huku kunasaidia pia dhidi ya mchwa, ambao hutoka ardhini na kupanda kupitia nyufa za sakafu na ukuta. Kabati lililoinuliwa hukuwezesha kuziona njia zao za udongo kabla hawajafika kwenye nguo. Mgongo wa kabati uache nafasi ya sentimita mbili hadi tano kutoka ukutani, na hewa ipewe njia ya kuingia chini na kutokea juu, kwa matundu au kwa luva fupi, yaani vipande vilivyoinama vyenye nafasi kati yake, katika ubao wa kitako na katika ukanda wa juu. Ikiwa ukuta huo unapakana na bafu, mwite kwanza fundi bomba aukague, kwa sababu kabati litakalofungwa mbele ya bomba linalovuja litauficha uharibifu mpaka uwe mkubwa.

Baada ya hayo, mninga au MDF? Mafundi wako wote wawili wana sehemu ya ukweli. Mninga ni mbao bora kwa kazi ya ndani: kiini chake kinastahimili mchwa na wadudu wabunguao mbao, na ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa na kutanuka kidogo sana majira yanapobadilika. Lakini sifa hizo ni za kiini chenye rangi ya kahawia. Ule weupe wa pembeni hauna kinga hiyo, na ubao wenye weupe mwingi unaouzwa kwa bei ya mninga utatobolewa na kutoa unga mweupe. Zaidi ya hayo, kabati zima la mninga, pamoja na mbavu, rafu na migongo ambayo hakuna atakayeiona, ni matumizi makubwa ya mti unaokua polepole katika misitu yetu ya miombo, na mimi sioni haki ya kuuficha nyuma ya mashuka. Mtiki wa mashamba ya Longuza kule Muheza au Mtibwa mkoani Morogoro unaweza kushika nafasi yake kwa milango na fremu. Paini ya Sao Hill ni rahisi kupatikana, lakini ni laini na hushambuliwa upesi na wadudu, kwa hiyo isitumike bila kutiwa dawa.

MDF kwa upande wake ni bapa, haina fundo, hupakwa rangi vizuri, na mlango wake haupindi ukitengenezwa ipasavyo. Udhaifu wake ni kingo na uzito. Karatasi moja ya milimita 18 ina uzito wa karibu kilo 40, na kingo zilizokatwa hunyonya maji upesi. Ipo MDF iliyotengenezwa kustahimili unyevu, ambayo mara nyingi kiini chake hutiwa rangi ya kijani ili itambulike. Hiyo ndiyo ningekushauri uinunue kwa mbavu, rafu na milango ya chumbani, yenye uso wa melamini, yaani tabaka gumu la plastiki, pande zote mbili. Nasisitiza pande zote mbili, kwa sababu ubao uliofunikwa upande mmoja tu hupokea unyevu upande wa pili na kujikunja. Kingo zote, pamoja na zile za chini na za nyuma zisizoonekana, zibandikwe ukanda wake kwa mashine ya joto, wala zisibandikwe kwa mkono na gundi ya maji. Ukipenda sura ya mninga, weka fremu za milango peke yake za mninga, na ubao wa katikati ukae huru ndani ya mfereji wa fremu bila kutiwa gundi, ili upate nafasi ya kutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi.

Kwa vifaa vya chuma, kumbuka kuwa Kigamboni iko jirani na bahari na hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida kwa kasi. Nunua bawaba na skrubu za chuma kisichoshika kutu, na ununue mwenyewe, ukiwa na risiti. Bawaba za kisasa zenye kikombe huingia katika tundu la milimita 35, na idadi yake hufuata kimo cha mlango: mbili zinatosha mlango wa sentimita 90, lakini mlango wako wa sentimita 205 unahitaji nne au zaidi. Reli za droo za kawaida zenye gololi huhitaji nafasi ya karibu milimita 13 kila upande, hivyo droo iwe nyembamba kwa milimita 26 kuliko nafasi yake. Fundi akikosea hapa kwa milimita tatu, droo itakwama au itachomoka, na hakuna mafuta yatakayoiponya.

Jikoni ninakuomba ufikiri kwa namna tofauti kidogo. Kwa kuwa tayari una kaunta ya zege, sehemu iliyo chini ya sinki isiwekwe sanduku la ubao hata kidogo. Funika kuta na sakafu yake kwa vigae, kisha funga fremu na mlango mbele tu, ili siku bomba litakapovuja, na litavuja, maji yaoneke na kupanguswa bila kuharibu kitu. Sehemu nyingine za chini ziwekwe masanduku ya plaiwudi ya marini, na humo ningependa uwe na droo pana badala ya rafu. Rafu yenye kina cha sentimita 55 humlazimisha mpishi kupiga magoti ili kufikia sufuria za nyuma, lakini droo huja na vyote vilivyomo. Droo ya juu iwe fupi, kwa miiko, visu na chujio. Za chini ziwe na kimo cha kutosha sufuria zako kubwa pamoja na vifuniko vyake, kwa hiyo hizo nazo zipimwe.

Masinia ya pilau na ungo husumbua kila jiko, nayo suluhisho lake ni rahisi: acha nafasi nyembamba ya wima ya sentimita 15 hadi 20, ambamo yatasimama kwa ubavu badala ya kulala chini ya kila kitu. Mbuzi ya kukunia nazi na kinu viachiwe nafasi wazi sakafuni, bila kitako, kwa kuwa ni vizito na hutoka na kuingia kila siku. Unga na mchele wa gunia visikae karibu na jiko wala sinki. Mtungi wa gesi, ukiuweka ndani ya kabati, lazima kabati hilo liwe na matundu yanayofunguka nje kwa chini kabisa, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Bila matundu hayo itajikusanya ndani ya kabati ikingoja cheche. Hili halina mjadala, na ikiwa nafasi ya matundu haipo, mtungi ukae nje ya nyumba na mpira wake upitishwe ukutani na fundi anayeijua kazi hiyo.

Makabati ya juu yawe na kina cha sentimita 30 hadi 35 tu, na yaanzie sentimita 50 hivi juu ya kaunta. Hapa usalama wako uko ukutani. Tofali za saruji zilizochanganywa mchanga mwingi hazishiki plagi fupi za plastiki zinazoingizwa ukutani kushika skrubu, na kabati lililojaa sahani za udongo ni zito mno kutegemea skrubu nne za pembeni. Fundi afunge kwanza ubao mmoja mrefu wa mbao ngumu, uliolala sawa kwa pimamaji na kushikwa kwa skrubu ndefu katika sehemu nyingi, kisha masanduku yaegemezwe na kukazwa juu ya ubao huo. Asitoboe mahali palipo wima juu au chini ya soketi na swichi, kwa kuwa nyaya nyingi hupita hapo.

Siku ya kufunga, kazi ianzie pale sakafu ilipo juu zaidi, na sehemu nyingine zinyanyuliwe kwa kabari ndogo mpaka pimamaji iseme sawa. Kabati likisimama pembe mraba, milango itajipanga yenyewe kwa marekebisho madogo ya bawaba. Likisimama limeinama, hakuna bawaba itakayoficha. Malipo uyagawe: fedha za vifaa uzilipe dukani mwenyewe, ujira wa fundi mlipe sehemu anapoanza, sehemu masanduku yanapokamilika, na kiasi cha maana kibaki mpaka umekagua. Ukaguzi wako uwe wa kufungua na kufunga kila mlango, kuangalia kuwa nafasi kati ya mlango na mlango ni milimita mbili au tatu kutoka juu hadi chini, kuvuta kila droo ikiwa na mzigo ndani, na kupitisha kidole kwenye kingo za chini na za nyuma kuhakikisha kuwa ukanda umebandikwa. Haya yote yaandikwe katika makubaliano tangu mwanzo, pamoja na mchoro wenye vipimo na saini zenu wawili, ili ukaguzi usigeuke ugomvi.

Na kabati la zamani usilitupe. Mbavu na rafu zake za juu, ambazo hazijaguswa na maji ya deki, huenda bado ni nzima. Kata sentimita 30 au 40 za chini zilizovimba, kisha kingo mpya zibandikwe ukanda, na vipande vinavyobaki vitatosha rafu za vitabu na madaftari katika chumba cha watoto, mradi kila rafu isizidi sentimita 60 kwa kuwa chipubodi hupinda mapema kuliko MDF. Zitundikwe juu ya sakafu, zishikwe kwa vyuma vya pembe vilivyofungwa kwa skrubu mpya katika matundu mapya, kwa sababu matundu ya zamani hayatashika tena.